Daftari lina mimea zaidi ya mia. Sasa nielekee wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kibosho, nalima mboga na kahawa kidogo kwenye kihamba (shamba la ukoo) alichotuachia babu. Nilisoma kozi fupi ya tiba asili hapo Moshi mjini, na tangu wakati huo nimeandika kwenye daftari mimea zaidi ya mia moja pamoja na magonjwa inayotibu. Lakini naona sisogei. Kila ninachosoma kinarudia yaleyale: tangawizi kwa kikohozi, mlonge kwa nguvu, mwarobaini kwa malaria. Niongeze mimea gani? Nisome nini? Na majirani wanaokuja kuniomba dawa, niwape?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze mmea hata mmoja. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, na naomba ulipokee kabla hujasoma mengine.

Daftari lako, kwa jinsi ulivyolieleza, lina safu mbili: upande huu jina la mmea, upande ule jina la ugonjwa. Karibu kila anayeanza hulipanga hivyo, na ndivyo kozi nyingi zinavyofundisha. Shida ni kwamba safu zote mbili bado hazijathibitishwa. Huna hakika kwamba mmea uliouandika ndio ulio mkononi mwako, wala kwamba jirani yako anaumwa huo ugonjwa ulioandika. Na hapo katikati, kati ya mmea na ugonjwa, hakuna kilichoandikwa: sehemu gani ya mmea, imeandaliwaje, kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani asipewe. Chagua mimea minane au kumi inayoota ndani ya mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwako. Hiyo ifuatilie mwaka mzima, masika na kiangazi, mpaka uitambue ikiwa haina ua wala tunda.

Nianze na safu ya mimea, maana hapo ndipo watu hufa.

Mwaka 2011 nchi nzima ilisikia habari za Samunge, kule Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Dawa ile ilichemshwa kutokana na mizizi ya mugariga, ambao Wamasai huuita olamuriaki na wataalamu wa mimea huuita Carissa. Ni kichaka chenye miiba, majani yanayotazamana mawili mawili, maua meupe yenye wekundu kwa mbali na harufu tamu, utomvu mweupe kama maziwa, na matunda yanayoiva kutoka rangi nyekundu hadi zambarau iliyokolea. Watoto wanaochunga mbuzi huyala matunda hayo kila msimu.

Sasa nenda kwenye vilima vikavu vya upande wa Monduli ukutane na msunguti. Una majani yanayotazamana mawili mawili, maua meupe yenye wekundu na harufu tamu, utomvu mweupe kama maziwa, matunda yanayotoka wekundu kwenda zambarau. Ni wa familia moja na mugariga. Wamasai huuita olmorijoi, na kwa vizazi vingi wawindaji wa Afrika Mashariki wamechemsha magome na mbao zake kutengeneza sumu ya mishale. Ndani yake mna kemikali iitwayo ouabaini, iliyotengwa na mkemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888. Huzuia pampu ya chumvi katika seli za moyo, na ikizidi kidogo tu moyo hupoteza mpangilio wake na kusimama. Yupo hata panya mmoja wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ya shungi anayetafuna gome hilo na kujipaka mate yake ubavuni, na mbwa akimng'ata mbwa ndiye anayeumia.

Tofauti kubwa unayoweza kuiona kwa macho ni miiba. Mugariga unayo, msunguti hauna. Lakini fikiria mzizi uliokatwakatwa, ukakaushwa na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki sokoni. Uko wapi mwiba? Ndiyo maana nawaambia wote wanaonisikiliza wasinunue mzizi wala gome kavu la mmea ambao hawajawahi kuuona umesimama na wakauchuma wenyewe, au uliochumwa na mtu ambaye wangemkabidhi mtoto wao. Namheshimu sana mama wa Kimasai anayepanga magome yake sokoni Arusha, na wengi wao wanaijua mimea ya porini kuliko sisi tuliosoma. Ila mzigo anaouuza pengine aliuziwa na mwingine, naye na mwingine.

Jina nalo halikuhakikishii kitu. Mmea mmoja una jina lake Kibosho, lingine Machame, lingine Rombo, na jina moja hubebwa na mimea miwili au mitatu tofauti. Tunacho kituo kinachoweza kulimaliza jambo hili, na nashangaa jinsi wapenzi wa tiba asili wa mikoa yetu miwili wasivyokitumia. Hebaria ya Taifa, yaani hazina ya mimea mikavu ya nchi nzima, iko Arusha, Ngaramtoni, chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Wataalamu wake kazi yao ni kutaja mmea kwa jina lake la kisayansi kwa kulinganisha na sampuli zilizokusanywa kwa miongo mingi.

Ukitaka wakusaidie, peleka sampuli iliyoandaliwa vizuri. Kata tawi la urefu wa mkono mpaka kiwiko, lenye majani pamoja na maua au matunda. Tawi la majani matupu mara nyingi halitoshi. Litandaze ndani ya gazeti, jani moja ukiligeuza upande wa chini uonekane, ukandamize kwa mbao na kitu kizito. Badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, vinginevyo litaota ukungu. Kisha andika kwenye karatasi yale yatakayopotea likikauka: rangi ya ua, rangi ya utomvu, harufu, urefu wa mti. Ongeza mahali ulipolichuma, tarehe, jina la kienyeji na ni la watu gani, na sehemu inayotumika kwa dawa. Andaa mbili au tatu zinazofanana ili moja ubaki nayo. Usikate chochote ndani ya mipaka ya hifadhi ya Kilimanjaro bila kibali. Kihambani kwako, kwenye kingo za mifereji na kando ya njia kuna mimea ya kukutosha miaka mingi.

Umeuliza usome nini. Soma botania kwanza: mpangilio wa majani, sehemu za ua, aina za matunda, familia za mimea. Ukishaijua familia ya mugariga na msunguti, kila kichaka chenye utomvu mweupe kitakufanya usimame uulize kabla ya kukata. Upo mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki uliotolewa kidogo kidogo kuanzia 1952 hadi 2012. Ni wa Kiingereza kigumu, lakini kwa msaada wa mtu wa hebaria utajifunza kutumia funguo zake, yaani maswali yanayokuongoza hatua kwa hatua hadi kwenye jina la mmea.

Kuhusu sehemu ya mmea nitatumia mimea uliyoitaja mwenyewe na mingine ambayo bila shaka imo daftarini. Jani la mshubiri lina dawa mbili zisizofanana hata kidogo. Ute ulio katikati ni wa kupaka kwenye ngozi iliyoungua au kukwaruzwa. Maji ya manjano machungu yanayotoka chini ya ganda yana aloini, inayomharisha mtu kwa nguvu na kumpotezea maji na madini ya potasiamu mwilini. Mwanamke mjamzito asiyanywe, wala mtoto, wala mwenye figo dhaifu. Huko Marekani, dawa za kulainisha choo zenye mshubiri ziliondolewa kwenye orodha ya zile zinazouzwa bila cheti mwaka 2002. Anayesaga jani zima na ganda lake kwenye blenda akawapa watu glasi nzima ameshachanganya hizo mbili. Majani ya mlonge ni mboga nzuri. Magome ya mizizi yake yana sumu, na mjamzito hapaswi kuyagusa. Majani ya mwarobaini watu wamechemsha miaka yote, lakini mafuta ya mbegu zake ni jambo jingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo, wakatapika, wakapata degedege, na wapo waliofariki. Kwenye daftari lako, nina hakika, yote hayo yamekaa kwenye mstari mmoja ulioandikwa "mwarobaini".

Halafu maandalizi. Mfano ninaoupenda kuliko yote unahusu mmea unaolimwa hata hapa kwetu kaskazini, kwenye miinuko ya Arusha: Artemisia annua, ndugu wa pakanga. Wachina wameutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwaka 1967 serikali yao ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mtafiti Tu Youyou akapewa kuongoza kundi moja. Walichemsha mimea mingi, na huu nao ukichemshwa ulitoa majibu yasiyotabirika: mara ufanye kazi kidogo, mara usifanye. Ndipo aliporudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja moto. Tu Youyou akahisi kwamba joto ndilo linaloharibu, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata kimiminika kilichomaliza vimelea vya malaria katika panya. Kutokana nacho ikatoka artemisinini, iliyo ndani ya dawa mseto unazopewa leo ukipimwa ukakutwa na malaria. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Hapa pana mambo mawili ya kuchukua, na watu wengi huchukua moja tu. La kwanza, mganga wa kale hakuwa akibahatisha. Neno dogo kama "loweka" ndani ya maelezo ya mzee linaweza kuwa ndilo linaloibeba dawa yote, kwa hiyo ukimsikiliza mzee andika kila kitendo: maji baridi au ya moto, chungu kimefunikwa au kiko wazi, imechemka mpaka nusu ibaki au imetokota mara moja tu, imeanikwa juani au kivulini. La pili, chai ya majani hayo haitibu malaria kwa uhakika. Artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji, kiasi chake kwenye jani hubadilika shamba kwa shamba, na mgonjwa akinywa dozi pungufu vimelea hupata nafasi ya kujifunza kuvumilia dawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wazi kwamba haliungi mkono matumizi hayo. Anayekuuzia majani hayo kwa ajili ya malaria akitaja Tuzo ya Nobel amekupa nusu ya habari.

Kwa hiyo nunua mzani mdogo unaopima gramu na chombo chenye alama za mililita. "Kiganja kimoja" cha nani? "Kikombe" kipi? Mzizi mbichi una maji mengi, na ukikauka uzito hupungua sana, hivyo gramu za mbichi na za mkavu ziandike mbali mbali.

Sasa safu ya pili, ya magonjwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoachwa nyuma zaidi. Umeandika "mwarobaini kwa malaria." Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za hapa hapa Moshi. Zaidi ya nusu yao walidhaniwa wana malaria. Vipimo vilipokamilika, waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, au brusela inayotoka kwa mifugo, au homa nyingine zinazotokana na mifugo na panya, au ugonjwa wa kupe. Kila moja inahitaji matibabu yake, na baadhi ya hizo huua haraka. Sasa jiulize: mtu wa Kibosho mwenye ng'ombe zizini anapokuja kwako anatetemeka, mwarobaini wako unatibu nini hapo? Na akipona, umejuaje ni nini kilichompata?

Hapo ndipo nataka utumie mwaka wako wa kwanza wa kusoma: jinsi figo, ini na moyo vinavyofanya kazi, na mwenendo wa kila ugonjwa ukiachwa bila dawa yoyote. Mafua hupona yenyewe ndani ya wiki, kikohozi chake hukawia wiki mbili au tatu, na chochote utakachotoa kitasifiwa. Maumivu ya mgongo na ya magoti huja na kuondoka. Mtu hutafuta dawa siku yanapozidi, na siku inayofuata huwa na nafuu hata asipokunywa kitu. Presha na sukari haziumi mpaka zimeshaharibu, kwa hiyo mgonjwa anayekuambia "najisikia vizuri" hajakupa ushahidi. Hayo yapimwe kwa mashine, kabla na baada, na namba ziandikwe. Kwenye daftari jipya weka ukurasa wa wale ambao dawa haikuwasaidia, na uandike kwa uaminifu uleule unaowaandikia waliopona. Bila ukurasa huo utakuwa unakusanya sifa.

Uliza pia wanatumia dawa gani nyingine, na uulize kwa upole, maana wengi huficha hospitali kwa mganga na humficha mganga hospitalini. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, lakini vidonge vyake vilipojaribiwa Marekani kwa watu waliokuwa wakitumia dawa ya VVU iitwayo saquinavir, kiwango cha dawa hiyo kwenye damu kilishuka karibu nusu. Saumu nyingi pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kutoka damu. Juisi ya choya hushusha presha kidogo, na mtu ambaye tayari anakunywa vidonge vya presha anaweza kupata kizunguzungu akainuka na kuanguka. Baada ya Samunge wapo walioacha ARV zao. Mtu yeyote anayeacha dawa ya VVU, ya kifua kikuu, ya kifafa au ya sukari kwa sababu ya neno lako, uzito wake utakuwa juu yako.

Wazee sijawasahau, mwanangu. Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi, na nilianzia kwake kabla sijaujua ufamasia. Nenda kwa mzee mmoja au wawili, ukae nao muda mrefu, umsaidie kulisha ng'ombe na kupalilia migomba, usiende na kalamu mkononi siku ya kwanza. Usimuulize mmea huu unatibu nini. Muulize ni mgonjwa gani anayemkataa. Mganga mzuri ana orodha ndefu ya watu asiowagusa: mwenye mimba changa, mtoto aliyelegea utosi umebonyea, mzee aliyevimba miguu, anayetapika damu. Mwenye kukuambia hamkatai yeyote, mshukuru kwa chai na uondoke. Tazama pia dawa inavyoliwa. Wamasai huweka magome ya olkiloriti, mti wa jamii ya migunga, kwenye supu ya nyama yenye mafuta, na ukiondoa nyama na mafuta ukaacha gome kavu kwenye kapsuli, umetengeneza kitu ambacho wao hawajawahi kukijaribu.

Majirani usiwape dawa kwa sasa. Chai ya tangawizi kwa mafua ni mambo ya jikoni, mpe yeyote. Zaidi ya hapo, sheria namba 23 ya mwaka 2002 imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mtoa tiba anapaswa kusajiliwa. Anza kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Atakueleza hatua zote, pamoja na namna ya kupeleka dawa ipimwe usalama kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukitaka kusoma zaidi, Muhimbili pana Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974.

Jambo la mwisho linahusu kihamba cha babu yako. Mkondekonde, ambao gome lake hutumika kwa tezi dume hata Ulaya, umewekwa tangu 1995 kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, kwa sababu watu waliumenya kuzunguka shina lote, na mti uliomenywa hivyo hufa. Osokonoi, mti mwingine wa dawa unaomenywa gome, nao unaelekea huko. Katika utafiti wa Afrika Kusini juu ya mti wa jamii yake, majani yalionekana kuwa na nguvu inayokaribia ya gome, kwa hiyo jifunze kutumia majani kwanza. Mzee mwenye shida ya mkojo apimwe hospitali kabla ya gome lolote, kwani saratani ya tezi dume nayo huweza kuleta dalili hizohizo. Na mkondekonde uupande mwenyewe. Okota matunda yaliyoiva rangi ya zambarau, ondoa nyama yake, osha mbegu, uzisie wiki hiyohiyo kwenye kivuli, kwa kuwa mbegu zake hazivumilii kukaa kabatini. Miche ikifika urefu wa goti ihamishie kando ya mfereji, kwenye kivuli cha migomba, na uizungushie uzio mbuzi wasiifikie.